Mlioongoza matawi ya vyama vya wahandisi, tupeane uzoefu: tawi linaishije mwenyekiti akiondoka?

Katibu Mpya

Wadau, habari za kazi. Hii nimeileta kwa wale waliowahi kubebeshwa uenyekiti, ukatibu au uweka hazina wa tawi la chama cha kitaaluma cha wahandisi, iwe umeme, ujenzi, mitambo au fani nyingine. Wanachama wa kawaida nanyi karibuni, maana mnaona yale ambayo wa meza kuu hawayaoni.

Anakuja mtu mmoja mwenye ari, tawi linachangamka, mihadhara inajaa, kila mtu anajua kikao ni lini. Kisha yule mtu anahamishwa kikazi au anachoka, na tawi linalala. Ada zinaendelea kulipwa, majina yapo makao makuu, ila hakuna kinachofanyika. Nimechaguliwa katibu wa tawi la namna hiyo. Sitafuti nasaha za kujitolea. Nataka kusikia kwenu ilikuwaje, nani alifanya nini, kikashika au kikaanguka.

Waya Hai

Kwetu ni IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, nianze na muundo kwa ajili ya waliozoea mwingine. Seksheni ndiyo eneo kubwa la wanachama wote. Ndani yake kuna chapta, kila moja imefungwa na jumuiya yake ya kiufundi: nishati, mawasiliano, kompyuta na kadhalika. Seksheni huanza na wanachama 50, chapta inahitaji sahihi 12 tu. Mtego uko hapo. Sahihi 12 unazipata kwa kuwafuata watu makazini, lakini aliyekusainia hakukuahidi kwamba atakuja. Kanuni inataka chapta ifanye angalau mikutano 2 ya kiufundi kwa mwaka. Unaweza kucheka udogo wa namba hiyo mpaka ufike mwezi wa kumi na moja hujafanya hata mmoja.

Kilichotunyanyua ni kuunda chapta ya pamoja. Kanuni zinaruhusu jumuiya mbili au zaidi kushirikiana chapta moja. Watu wa antena walikuwa wachache, wa mawasiliano wachache, na kila upande ulikuwa na mwenyekiti anayelalamika peke yake. Tulipoungana tukapatana kwamba mwenyekiti akitoka upande mmoja, makamu atoke mwingine, na makamu ndiye anayepanda muda ukiisha. Mpaka leo hatujawahi kufika uchaguzi tukiulizana nani atashika.

Mweka Hazina Mstaafu

Niseme ya fedha kwa kuwa hakuna anayeyapenda.

Tawi likilala, kinachokuchelewesha kuliamsha ni benki. Watia saini wa akaunti ni viongozi wa zamani, mmoja yuko nchi nyingine, mwingine hapokei simu. Benki inataka muhtasari wa kikao kilichowachagua ninyi, usainiwe na hao hao wasiopatikana, pamoja na barua ya makao makuu. Sisi tulikaa muda mrefu hela ipo na hatuwezi kukodi hata ukumbi. Akaunti ilipofunguka tuliandika utaratibu: watia saini watatu, wawili wakisaini inatosha, na watatu hao wasimalize muda wao wote katika mwaka ule ule. Anayetoka hakabidhi ofisi kabla fomu ya kumbadilisha haijapokelewa benki. Kupelekwa tu haitoshi, nasisitiza ipokelewe.

La pili ni taarifa. Vyama vingi hukusanya ada kwa pamoja na kurudisha sehemu kwa matawi, na fungu hilo hutegemea taarifa za mikutano na za hesabu. Mkutano usioandikiwa taarifa, kwa makao makuu haukufanyika. Nilikuwa siondoki ukumbini bila kupiga picha daftari la mahudhurio. Wenzangu walinicheka, ila fungu letu halikuwahi kukatwa.

Kipimajoto

Mkuu umesahau nywila. Ukurasa wa tawi letu ulifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mwenyekiti wa wakati huo. Alipoacha uhandisi akaingia biashara nyingine, ukurasa ukabaki unatangaza mhadhara wa zamani kana kwamba ni wiki ijayo, na sisi hatuwezi kuufuta. Fungueni barua pepe ya cheo, kila kitu kisajiliwe humo.

Dada wa Mitambo

Mnayoyasema ni kweli, lakini mmeruka jambo. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kamati yetu, na kila uchaguzi jina langu lilitajwa kwenye ukatibu kabla sijafungua mdomo. Eti nina mwandiko mzuri. Tunaandika kwa kompyuta!

Sasa angalieni katibu wa tawi anafanya nini: anaandika mihtasari, anatuma mialiko, anafuatilia ukumbi, anajibu wanachama, anaandaa taarifa. Mwenyekiti anafungua kikao na kumshukuru mtoa mada. Kwa hiyo swali la tawi linaishije mwenyekiti akiondoka mimi naliona limekosea mlango. Mwenyekiti akiondoka, tawi linayumba. Katibu akiondoka, linakufa.

Nilipochaguliwa kwa mara nyingine nikaweka sharti kwamba kazi ile igawanywe. Muhtasari uandikwe kwa zamu, kila kikao mjumbe mwingine, mwenyekiti akiwemo. Mialiko ibaki na mtu mmoja, taarifa za makao makuu zishikwe na mwingine. Walinung'unika. Lakini mihtasari bora kuliko yote ilikuja kuandikwa na mhandisi mmoja mzee ambaye maisha yake yote ya chama hakuna aliyewahi kumwomba aandike. Na mimi nikapata nafasi ya kupanga mihadhara, kazi niliyoitaka tangu mwanzo.

Katibu Mpya

Dada, nimekupata. Nilikuwa naandaa mwenyewe orodha yote uliyoitaja. Naisimamisha leo.

Zege Kavu

Mimi nipingane kidogo na wote. Mnazungumza vikao na taratibu wakati ukumbi ni mtupu. Mhandisi aliyetoka kazini jioni hataki slaidi sitini za mtu anayesoma neno kwa neno. Anataka kuona kitu. Tawi letu liliamshwa na ziara za kiufundi: mitambo ya kusafisha maji, daraja likiwa bado linajengwa, kituo cha kupozea umeme. Watu ambao hatujawahi kuwaona wakaanza kujiandikisha.

Ila ziara ina kazi, msidanganyike. Mwenye eneo hutaka majina mapema kwa ajili ya usalama, na hupanga idadi. Kila ziara kuna walioandikisha wasitokee, huku wengine wakiwa wamekosa nafasi. Tukaweka orodha ya akiba, na asiyetokea bila taarifa anashuka mpaka mwisho wa foleni kwenye ziara inayofuata. Buti na kofia ngumu kila mtu aje na zake, atakayekuja na kandambili anabaki getini, awe mwanachama wa kawaida au rais wa chama. Maelezo ya usalama yanatolewa na wenye eneo, sisi hatuyagusi. Na kabla ya yote ulizeni bima: nani anamfidia mtu akiteleza? Kuna wenye maeneo wanaotaka karatasi hiyo isainiwe kabla ya siku yenyewe.

Sasa nije kwenye swali la mleta mada. Kwenye ziara nilikuwa naangalia nani anafika mapema bila kuambiwa, anasaidia kugawa vizibao, anahesabu watu wakati wa kurudi. Hao ndio niliowafuata baadaye. Mtu anayekuja kwenye mkutano mkuu na hotuba nzuri ya kuomba kura, mimi nilishaacha kumfuata.

Waya Hai

Zege, mhadhara haujafa, inategemea umemleta nani. Jumuiya nyingi za IEEE zina wahadhiri mashuhuri wanaochaguliwa ili kuzunguka kwenye chapta, na kwa kawaida jumuiya hubeba gharama ya safari, yote au sehemu. Chapta ndogo inaweza kumpata mtu ambaye vinginevyo mngemsoma kwenye majarida tu. Usiombe mwezi mmoja kabla. Ukisikia anapita karibu kwa kongamano lingine, hapo ndipo unamnasa.

Fundi Kiyoyozi

ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi na majokofu, nao wanao mpango kama huo. Chama hulipa usafiri wa mhadhiri, chapta mwenyeji inabeba malazi, chakula na kumzungusha. Someni hiyo sehemu ya pili kabla ya kutuma ombi. Na mgeni mkubwa mpangieni siku mbili: jioni moja wanachama, mchana mmoja wanafunzi.

Kuhusu watoa mada wa bure kutoka kwa wauza vifaa: wanakuja na ufadhili wa ukumbi, wanaondoka na jioni yenu. Sisi sharti letu ni nembo ya kampuni kwenye slaidi ya kwanza na ya mwisho tu, na tunaziona slaidi kabla. Mfadhili mmoja alisusa, wengine wote walikubali. Aliyesusa alirudi baadaye.

Mlezi wa Wanafunzi

Mimi ni mwalimu wa chuo, mlezi wa tawi la wanafunzi kwa miaka mingi. Ninyi wa matawi ya wakubwa mnalalamika hamna damu changa. Mimi nawatoa wahitimu wakiwa na moto kila mwaka. Wanapotelea wapi?

Nilipofuatilia nilikuta sababu ya kipuuzi kabisa. Wanajiunga kwa barua pepe ya chuo. Wakihitimu, chuo kinafunga anwani. Kila mwaliko wa tawi la wakubwa unaenda kwenye sanduku lisilofunguka, na kumbusho la kulipa ada nalo linaenda huko huko. Chama kinahesabu kwamba kijana kaacha. Kijana anadhani chama kimemsahau. Siku hizi muhula wa mwisho nakaa nao maabara, kila mmoja anabadilisha anwani yake mbele yangu kabla ya kuanza mtihani wa vitendo. Idadi ya wanaobaki imepanda kwa macho kabisa.

Pili, vyama vina nafasi zao. Kwa IEEE mtaalamu kijana ni aliye ndani ya miaka 15 tangu shahada ya kwanza, kwa ASCE, chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani, wanachama vijana ni wa miaka 35 kushuka. Msiwaundie kamati ya vijana iliyokaa pembeni ikapiga picha. Mpeni mmoja kiti kwenye kamati tendaji, chenye kura, na kazi ambayo asipoifanya itaonekana.

Rula ya Zamani

Nakubaliana na mwalimu. Wanaodhani vyama hivi vilianzishwa na wazee wenye vyeo wasome habari za ICE, chama cha wahandisi ujenzi cha Uingereza. Tarehe 2 Januari 1818 wahandisi vijana wachache walikutana kwenye mgahawa wa kahawa pale Fleet Street, London, wakaunda chama. Kikazorota mwanzoni, hakuna mkubwa aliyejali. Mwaka 1820 wakamwomba Thomas Telford, jina kubwa la barabara na madaraja enzi hizo, awe rais. Akakubali, wanachama wakaongezeka, na 1828 wakapata hati ya kifalme. Vijana wakifanya kazi na mzee akatoa jina lake, mambo huenda. Matawi mengi niliyoyaona mimi yamegeuza: mzee ndiye anayeng'ang'ania kazi, kijana anatoa jina kwenye orodha.

Kipimajoto

😂 Rula umetuua.

Mshauri Huru

Moja la haraka. Angalieni wajumbe wanatoka kwa mwajiri gani. Kamati yetu karibu yote ilikuwa idara moja ya shirika moja. Vikao vilikuwa rahisi, mnakutana kwenye korido mnamaliza. Shirika likapanga upya idara, wote wakatawanywa mikoani, kamati ikaisha kwa barua za uhamisho. Na kabla ya hapo, mnapigaje kura dhidi ya hoja ya mwenyekiti ambaye kesho asubuhi ndiye anasaini likizo yako? Sasa katiba ya tawi inasema wajumbe wa mwajiri mmoja wasizidi wawili.

Katibu Mpya

Nashukuru sana. Mkutano mkuu wetu uko karibu. Kikomo cha wajumbe wa mwajiri mmoja, makamu kupanda na watia saini watatu nitavipeleka kama hoja, maana akidi tukiipata mwaka huu sijui tutaipata lini tena. Mihtasari kwa zamu sitaomba ruhusa, naanza kikao kijacho.

Nina swali kwa Mweka Hazina Mstaafu. Mwenyekiti wetu aliyemaliza muda ni mtu mwema, ila bado anakuja vikaoni na kutoa maagizo, na watu wanamsikiliza kuliko mwenyekiti mpya. Kwenu mlifanyaje?

Mweka Hazina Mstaafu

Tulimpa cheo na kazi. Anakaa kwenye kamati mwaka mmoja kama mwenyekiti aliyepita, bila kura, na anaongoza kamati ya uteuzi: anatafuta wagombea wa uchaguzi unaofuata, na yeye mwenyewe haruhusiwi kugombea. Anawajua watu, watu wanamheshimu, na simu atakazopiga kuwashawishi wenzake zitamla muda wa kutoa maagizo. Mwaka ukiisha anatoka. Ila liandikwe kwenye muhtasari siku ile ile anapokubali, na tarehe ya kutoka iwemo.