Lili zinaliwa na wadudu wekundu, na hivi vishanga vyeusi kwenye shina ni nini?

MamaWawili
Hamjambo wadau, naomba msaada wa haraka. Tulihamia hapa Lowell, Massachusetts wakati wa baridi, aliyekuwa na hii nyumba alikuwa mama mtu mzima mpenda maua kweli, sasa joto limeingia kila kona inaota kitu ambacho mimi sikukipanda. Upande wa jikoni kuna mashina marefu yananifika kifuani, majani membamba toka chini mpaka juu, hayajachanua ila yana vitumba, jirani ananiambia hizo ni taiga lili, zitatoa maua ya orenji yenye madoa meusi. Shida ni mbili. Kwanza kuna wadudu wekundu wa kung'aa wanatafuna majani, na ukigeuza jani chini yake kuna vitu kama kinyesi cha ndege, vyeusi, vinateleza, na vinatembea jamani!! Pili, pale kila jani linapoungana na shina kuna kishanga cheusi kimekaa, hivyo hivyo mpaka juu. Ni mayai ya huyo mdudu ama ni ugonjwa? Naogopa hata kushika. Alafu kwenye fensi kuna lili zingine za orenji zimeshachanua na huyo mdudu hazigusi kabisa, kwa nini? Mume wangu anasema ng'oa zote tupande sukuma.

Fundi_Kijani
Pole dada, niko Worcester hapo karibu na huyo mdudu tunajuana naye vizuri. Tuanze na vishanga manake ndio vinakutisha bure. Hivyo si mayai wala ugonjwa, ni vitunguu vichanga vya lili yenyewe. Taiga lili nyingi za bustanini hazizai mbegu, zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo njia yake ya kuzaana ni hiyo, kila kishanga kinakomaa kwenye shina, mwisho wa kiangazi kinaanguka chini, kinatoa mizizi, mwaka unaofuata unaona kijani kimoja chembamba tu, na baada ya miaka 2 au 3 hivi nacho kinatoa ua. Chukua kimoja ukikwangue kwa kucha utaona ndani ni cheupe na kina magamba kabisa kama kitunguu mama kilichoko chini.

Huyo mwekundu sasa ndio adui. Si wa huku, ametoka Ulaya na Asia, hapa Massachusetts alionekana 1992 kule Cambridge na tangu hapo ameenea majimbo yote ya huku New England. Hicho kinyesi kinachotembea ni mtoto wake, anajipaka mavi yake mwenyewe mgongoni ili ndege wamuone kinyaa, na huyo mtoto ndiye mlaji mkubwa kuliko mzazi. Chuo kikuu cha Rhode Island walileta nyigu wadogo kutoka Ulaya ambao hutaga mayai ndani ya hao watoto, sehemu zingine wamepunguza sana, lakini usikae kuwasubiri. Dawa ni mkono. Vaa glavu, chukua kopo la maji ya sabuni, liweke CHINI ya jani kwanza ndipo uguse, kwa sababu ukimgusa tu anajiachia anaanguka chali, na tumbo lake ni jeusi kama udongo humuoni tena. Ukimbana vidoleni analia kabisa, usishtuke. Chini ya majani tafuta pia mistari ya mayai ya rangi ya machungwa, futa kwa kidole. Wale watoto wadogo unaweza kuwapulizia mafuta ya mwarobaini jioni, rudia kila baada ya siku 5 mpaka 7, wakishakuwa wakubwa hayasaidii sana. Zile dawa za kumwaga kwenye udongo mimi siungi mkono, zinapanda mpaka kwenye ua na nyuki wanakufa.

Za fensi si lili hasa, ni deilili. Angalia majani yake yanatoka chini kwa fungu kama nyasi ndefu, ua halina madoa na likifunguka asubuhi jioni limekwisha. Mdudu wako hazili hizo.

PakaWatatu
Kabla hatujafika mbali, mna paka??? Nauliza kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Lili hizi zinaua paka na sitanii, zinaharibu figo. Jani, ua, shina, hata maji ya chombo lilimokaa ua akiyalamba, na ule unga wa ua ndio mbaya zaidi kwa sababu paka anapita tu unamshika kwenye manyoya, anaenda kujilamba basi. Na hizo deilili za fensi vilevile msidhani ni salama.

MamaWawili
Uuuwi. Tunaye, wa watoto, bado mdogo na anatoka nje kila saa. Leo asubuhi alikuwa amelala palepale kwenye hayo mashina kwa ajili ya kivuli 😭 anaonekana mzima, anakula. Nifanye nini?

PakaWatatu
Usingoje aonekane mgonjwa mamangu, piga simu kwa daktari wa wanyama sasa hivi umwambie hivyo hivyo, amelala kwenye lili. Mara nyingi huanza kutapika na kulegea ndani ya nusu siku hivi, baadaye unaweza kudhani amepata nafuu kumbe figo zinakwenda, na matibabu ya dripu yanatakiwa yaanze mapema, ndani ya masaa 18 kabla figo hazijagoma. Kama vitumba havijafunguka una bahati kubwa, hakuna unga bado. Mfute manyoya kwa kitambaa chenye maji, mfungie ndani.

Fundi_Kijani
Hapo hata mimi nabadilisha ushauri, na paka wa kutoka nje hizo lazima ziondoke, na usisubiri vuli. Kata vitumba vyote leo, tia kwenye mfuko ufunge utupe. Kisha kabla ya kuchimba okota vishanga vyote, kimoja kimoja, tandika shuka kuukuu chini manake ukitikisa shina vinamwagika kama njugu. Watu wengi wanang'oa kitunguu kikubwa wanafurahi, mwaka wa pili wanashangaa kuna lili mia. Kwa kuchimba ingiza uma mbali na shina, kitunguu chake kinaweza kuwa chini futi nzima na juu yake kwenye shina kuna mizizi mingine, ukivuta kwa nguvu shina linakatika kitunguu kinabaki ardhini kinakucheka. Masika yajayo pitia tena, kila kijani chembamba ng'oa.

Na mwambie shemeji hapo kama jua linapiga masaa 6 sukuma itakubali sana, chanzo cha ugomvi kimeisha.

MamaWawili
Daktari amesema tumpeleke apimwe damu, mume wangu ndio wako njiani. Fundi, jirani anazitaka, hana paka, ana mbwa na ana lili zake nyeupe amezipanda mbele. Nimpe?

reading_ya_huku
Niko Reading Uingereza, huyo mdudu mwekundu hata huku anatusumbua. Mpe ila umwambie azipande mbali kabisa na hizo nyeupe zake. Taiga lili inaweza kubeba virusi vya mozaiki bila kuonyesha dalili yoyote, yenyewe inachanua vizuri tu, kisha vidukari wakinyonya hapa wakahamia pale zile nyeupe zinaanza michirizi ya njano na maua yaliyojikunja. Na vishanga navyo vinabeba, kwa hiyo asidhani akianza na vidogo amepona. Akague na mayai ya mdudu kabla hazijavuka fensi.

Kitunguu cha lili hakina ganda kavu la nje kama kitunguu cha jikoni, kikikaa juani kinanyauka, apande siku hiyohiyo, kwenye kina cha kama sentimita 15, udongo usiotuamisha maji. Juu kipate jua, chini atandaze majani makavu mizizi ikae baridi. Shina asilikate mpaka liwe njano lenyewe, ndilo linalolisha kitunguu. Mwaka huu asitegemee ua, zimesumbuliwa.

BintiLimuru
Na mtu akija Desemba asiniletee hivyo vishanga kweli? Huku Limuru baridi iko 😄

reading_ya_huku
Asikuletee kwenye begi, KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea wa Kenya, wanataka kibali cha kuingiza mmea, na hivyo virusi usivipeleke nyumbani. Nunua vitunguu kwa wauzaji wa hapo. Na baridi ya Limuru peke yake haitoshi, weka kwenye mfuko wenye matundu na vumbi la nazi lenye unyevu kidogo, friji, droo ya mboga, wiki 6 mpaka 8, ndipo upande. Usiweke pamoja na matofaa wala ndizi zinazoiva, gesi yake inaharibu kichipukizi ndani.

BintiLimuru
Kwetu droo ya mboga ni ya sukuma na dania mpaka juu, itabidi nijadiliane na mama kwanza. Na ya mbwa je, hamjamjibu.

PakaWatatu
Mbwa akitafuna anaweza kutapika na tumbo kumsumbua, lakini ile ya figo ni ya paka. Asimwachie afukue vitunguu tu. MamaWawili tupe majibu ya damu yakitoka, na daktari akitaka abaki apewe dripu siku mbili tatu mkubalie, usimrudishe nyumbani kwa sababu anaonekana mchangamfu.

MamaWawili
Wamembakiza, dripu imeanza. Figo kwa sasa ziko sawa, watapima tena kesho na keshokutwa. Nimeshakata vitumba, shuka limetandikwa, watoto wanaokota vishanga na glavu za kuoshea vyombo.