Kuanza kuwinda kwa upinde wa kampaundi ukiwa na bega dhaifu na unatumia kiti cha magurudumu

Mvizia:
Wakuu, habari zenu. Nataka kuanza kuwinda kwa upinde wa kampaundi, huu wa kapi. Msuli wa bega la kulia ulichanika ukashonwa; daktari ameruhusu nivute, lakini kwa kiasi. Miguu haina nguvu, kwa hiyo nitapiga nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Vidole vya mkono wa kushoto navyo havikazi vizuri. Nalenga mnyama wa kilo 50 hadi 70. Nianze na upinde wenye uzito wa kuvuta wa pauni ngapi, na kifaa gani hakikosekani?

Podo:
Mkuu, usiulize tu utavuta pauni ngapi, uliza utaweza kurudisha ngapi. Upinde wa pauni 45 wenye punguzo la asilimia 80 ukishauvuta hadi mwisho unakuachia pauni 9 tu za kushikilia. Hapo kila mtu anajiona ana nguvu. Mnyama akigeuka vibaya ukaamua kutofyatua, inabidi uurudishe ugwe (kamba ya upinde) mbele, na kapi zikianza tu kugeuka uzito wote unarudi kwa mpigo na kulikwanyua bega. Wengi huumia hapo, si kwenye kuvuta.

Kwa hiyo jipime hivi. Kaa, weka mshale, elekeza upinde kwenye shabaha usawa wa bega. Vuta moja kwa moja bila kuinua mikono, shikilia sekunde 30, kisha rudisha polepole. Ukilazimika kuuelekeza upinde mawinguni ndipo uvutike, ni mzito. Ukivutika vizuri lakini ukakutikisa wakati wa kurudisha, bado ni mzito.

Tafuta upinde wenye marekebisho mapana. Zipo zinazoshuka chini ya pauni 20 na kupanda hadi 70. Uzito unapunguzwa kwa kulegeza boliti za mabawa, zile sehemu mbili za upinde zinazopinda, kwa spana ya pembe sita, mzunguko mmoja ni kama pauni 2 hadi 3. Boliti ya juu na ya chini zizungushwe sawasawa, na usizidi mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha upinde, maana bawa linaweza kuchomoka. Na kamwe usivute ukaachia bila mshale: nguvu yote inarudi kwenye mabawa na kapi, vinaweza kupasuka.

Urefu wa mvuto: pima mikono iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, gawa kwa 2.5. Kwa bega lililoshonwa jaribu pia nusu inchi pungufu. Mvuto mrefu kupita kiasi huvuta kiwiko nyuma na kulisukuma bega mahali pasipofaa.

Vidole vya kushoto visikutie hofu. Upinde haukamatwi kwa ngumi, unaegemea kwenye nyama iliyo chini ya dole gumba, na mkanda wa kifundo cha mkono unauzuia usidondoke. Kwa kuvuta, chukua kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo cha mkono. Mzigo unabebwa na mkanda, kidole kinagusa kitufe tu.

Gurudumu2:
Naongezea upande wa kiti. Kapi ya chini ndiyo adui: ikigonga gurudumu au goti wakati wa kufyatua, mshale unapotea na upinde unaweza kuharibika. Upinde wa inchi 28 hadi 31 kutoka ekseli hadi ekseli ndio unaofaa. Toa kiegemeo cha mkono, funga breki zote mbili, na ukae ubavu kwa shabaha. Kiti kikiteleza hata kidogo unapovuta, weka kabari nyuma ya magurudumu. Kiwiliwili kikiyumba, mkanda wa kifuani unasaidia sana.

Lile tundu la kuchungulia lililofumwa kwenye ugwe lifungwe ukiwa umekaa kwenye kiti hichohicho. Likifungwa umesimama au kwenye kiti kingine, shingo inakaa tofauti na kila mshale unaenda juu au chini.

Kwenye kibanda cha kuvizia kuna kosa linalowapata hata wazoefu. Mshale uko inchi kadhaa chini ya mstari wa jicho. Kupitia kilengeo unaona mnyama vizuri dirishani, kumbe ncha ya mshale inatazama ukingo wa dirisha. Vuta ukiwa ndani kabla ya siku ya kuwinda, mwenzako asimame pembeni akutazamie ncha.

Chembe:
Kwa pauni 40 hadi 45 usichukue chembe (ncha za chuma za mshale) zinazofunguka zikigonga. Kule kufunguka kunakula nguvu ambayo huna ya ziada. Chembe isiyofunguka, ya makali mawili, iliyonolewa hadi inyoe nywele. Mshale mzima uwe karibu greni 400, yaani gramu 26. Chini ya greni 5 kwa kila pauni ni hatari kwa upinde wenyewe. Piga ndani ya mita 20, mnyama akiwa ubavu au amekupa mgongo kidogo, ulenge nyuma tu ya bega. Akiwa anakutazama, acha.

Angalia pia sheria ya eneo lako: sehemu nyingine upinde umepigwa marufuku kabisa, nyingine zimeweka uzito wa chini, mara nyingi pauni 40.

Mvizia:
Shukrani sana wakuu. Na bega la kulia likigoma kabisa?

Podo:
Hamia upinde wa mkono wa kushoto: wa kulia unasukuma tu, wa kushoto unavuta, na kwa kile kifyatulio cha mkanda vidole havina kazi kubwa. Bega likikataa hata kubeba upinde, huo upinde ufungiwe mguu wa kuegemea chini. Kuna pia kipande cha utepe kinachofungwa kwenye ugwe na kuumwa kwa magego, mkono mmoja ukisukuma upinde mbele. Muone daktari wa meno kwanza. Matt Stutzman wa Marekani hana mikono, anashika upinde kwa mguu na kamba inavutwa na kifyatulio kilichofungwa begani. Alipata dhahabu ya kampaundi Paralimpiki ya Paris 2024. Fundi mzuri wa pinde atakufungia mfumo wa aina hiyo, ila mpelekee kiti chako akupime ukiwa umekaa.