Mrejesho: GPS ya boti na AIS sasa zinaelewana

Wakuu, niliuliza kwa nini AIS (kifaa kinachotangaza boti ilipo kwa vyombo vingine) haipati mahali tulipo ilhali GPS ya boti inapaonyesha vizuri kwenye skrini yake. Nimepata jibu. Porti ya pili ya GPS ilikuwa kwenye kasi ya biti 4800 kwa sekunde, ile ya kawaida ya NMEA 0183 (lugha ya vifaa vya boti kupeana data), wakati AIS yangu inasubiri 38400. Nikabadilisha, bado kimya! Kumbe nyaya mbili za data, A na B, nilizipishanisha mwenyewe, aibu tupu. Nilipozigeuza tu, mistari ya $GPRMC, yenye data ya mahali tulipo, ikaanza kumiminika kwenye kompyuta. Nimebakiza aina tatu za mistari, RMC, GGA na VTG (mahali, muda, kasi na mwelekeo), nyingine nimezizima. Porti ya kwanza inayolisha rada sikuigusa kabisa. Aliyesema nipime kwa kompyuta kwanza, asante sana mkuu.