Naomba ushauri: vipindi gani vya kupima tabia ya Goku, Z hadi Super?

Wakuu, nataka kulinganisha tabia ya Goku, shujaa wa katuni za Kijapani (anime) za Dragon Ball, kati ya mfululizo mmoja na mwingine bila kuangalia vipindi vyote. Mfululizo wa kwanza, Dragon Ball ya 1986, una vipindi 153, na iliyofuata: Z 291, GT 64, Super 131. Jumla 639, kifungo hicho!

Kwenye Z nimechagua pale anapomwomba rafiki yake Krillin amwache adui yao Vegeta aondoke hai, pambano na adui Frieza, halafu pambano na Cell: anampa adui huyo senzu (punje ya kurudisha nguvu), kisha anamsukuma mwanawe Gohan ulingoni mpaka mwenzao Piccolo anamgombeza. Kwenye Super, Mashindano ya Nguvu, maana yeye ndiye aliyemkumbusha Zeno, mfalme wa malimwengu yote, kuyaandaa.

Shida ni sauti. Dabi (sauti zilizotafsiriwa) ya zamani ya Kiingereza ilimvika Goku joho la mtetezi wa haki, hasa anapomhutubia Frieza. Kwa Kijapani ni mpenda ngumi mwenye lafudhi ya shamba. Ukitoka dabi ile ukaingia Super ya Kijapani, utadhani kageuka zuzu usiku mmoja. Ingawa Super nayo imetia chumvi: baba wa watoto wawili anasema hajawahi kumbusu mkewe!

Je, Kai ya 2009, yaani Z iliyohaririwa upya, inatosha badala ya Z? Ina mazungumzo yaliyo karibu zaidi na asili, lakini imekata vipindi vya kujazia (visivyotoka kwenye manga, yaani vitabu vya katuni vya asili), kikiwemo cha Goku na Piccolo kujifunza udereva, ambacho kinamwonyesha akiwa nje ya vita. GT niiweke, wakati Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball, hakuiandikia hadithi? Na kwa Super, nishike anime au manga iliyochorwa na Toyotarou?