Naomba ushauri: maikrofoni ya USB ya kufundishia Kiswahili mtandaoni na kurekodi masomo nyumbani

Mwalimu wa Ngamiani

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Tanga, na kwa miaka mitatu sasa ninawafundisha Kiswahili wageni walioko Ujerumani na Marekani kwa njia ya simu za video. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye bidii sana, aliniomba nirudie neno "dhana" mara nne, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwa masikio yake halina tofauti na "zana". Niliposikiliza rekodi ya kipindi kile nikaona ana haki, kwa maana hata mimi niliyetamka sikuweza kutenganisha "thamani" na "samani". Jambo hili limeniuma, kwa sababu matamshi ndiyo wanayonilipa niwafundishe.

Hutumia visikilizio vya Bluetooth, na vikiisha chaji huongea na kompyuta yenyewe. Nafundishia sebuleni, sakafu ni ya vigae, kuta ni tupu, na dirisha linatazama barabara ya bodaboda. Nimetenga shilingi 300,000. Muuzaji mmoja ananisisitiza nichukue Blue Yeti, nami ninataka pia kurekodi masomo ya kusikiliza. Naombeni mwongozo kabla sijatoa fedha.

Fundi Mitambo

Mwalimu, anza kwa kuachana na Bluetooth wakati wa kufundisha. Visikilizio vya aina hiyo, mara tu maikrofoni yake inapowashwa, katika vifaa vingi huhamia kwenye njia ya simu, ambayo kwa utaratibu wa zamani haipitishi chochote kinachozidi kilohezi 4 (kipimo cha wembamba wa sauti), na kwa ule ulioufuatia huishia kilohezi 8. Mkwaruzo wa "s", "z" na "th" kwa sehemu kubwa uko juu ya kilohezi 4, kwa hiyo mwanafunzi wako anapokea irabu nzuri na konsonanti zilizokatwa vichwa.

Kuhusu ununuzi, maikrofoni za USB ziko za namna mbili. Zile za kondensa, ambazo Blue Yeti ni mojawapo, ni nyepesi kuhisi na hunasa sauti nyembamba vizuri mno, lakini katika sebule kama yako zitanasa pia jogoo wa jirani na mwangwi wa vigae. Zile za dainamiki, kama Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x, zinataka uziongelee kwa karibu, nazo huacha makelele ya nje yabaki nje. Hizo mbili zina tundu la USB na pia la XLR, yaani la waya wa mitambo ya sauti, hivyo siku ukinunua mtambo wa kuchanganyia sauti hutazitupa. Mimi ningechukua Q2U.

Binti Msomaji, Unguja

Kwa heshima, ndugu Fundi, hapo naomba nisahihishe kidogo. Dainamiki haina uwezo wa kuchagua ipi ni sauti ya mwalimu na ipi ni ya bodaboda. Inasikika safi kwa sababu inamlazimisha msemaji asogee. Kila unapopunguza nusu ya umbali, sauti yako inayofika moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu vile vile. Mwalimu akitoka sentimita 60, ilipo kompyuta yake, akaja sentimita 15, amejipatia desibeli 12 bila kununua kitu.

Mimi husoma vitabu kwa sauti chumbani, nimekaa kitandani huku nimefungua kabati la nguo mbele yangu na godoro la akiba nimelisimamisha nyuma. Kipimo changu ni chini kidogo ya shibiri moja kutoka mdomoni, na maikrofoni naiweka pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "f" ipite bila kuipiga usoni. Ukiikaribia zaidi ya hapo sauti inakuwa nzito, inavuma kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, na "dh" inafunikwa tena. Mwalimu, jaribu chumba kwanza.

Mzee wa Redio

Ikiwa utachukua Yeti, fahamu kwamba inaongelewa ubavuni wala si kichwani, na kitufe cha nyuma kiwekwe kwenye alama yenye umbo la moyo. Wengi huielekeza juu mdomoni kama ya jukwaani kisha wakailaumu.

Mwalimu wa Ngamiani

Ahsanteni sana. Jana usiku nilihamia chumbani, nikatundika blanketi mlangoni, nikachukua visikilizio vya waya vya simu na kukishika kimaiki chake karibu na kidevu. Nilirekodi maneno 20 niliyoyachanganya, "dhana", "zana", "thamani", "samani", kisha mke wangu akayasikiliza akiwa amenipa mgongo na kuandika alichosikia. Alipata 17. Kwa rekodi ya sebuleni alipata 11, na mengine alikiri amebahatisha. Je, mvua ikipiga mabati nifanye nini? Nimewasha kipunguza makelele cha programu, lakini bado.

Fundi Mitambo

Nashukuru kwa masahihisho, dada wa Unguja; ni kweli, umbali ndio unaofanya kazi. Mwalimu, mvua ya mabati hakuna maikrofoni inayoiweza, heri uahirishe kipindi. Lakini hicho kipunguza makelele kizime leo leo, maana kwa programu "th" na "s" zinafanana na upepo, nayo huzifuta pamoja na feni. Katika Zoom tafuta chaguo la sauti halisi kwa wanamuziki, uliwashe. Kwa masomo ya kurekodi tumia Audacity, haina malipo, na hakikisha sauti yako ya juu kabisa inaishia karibu na desibeli -12 kwenye kipimo chake, ambacho kikomo ni 0, ili ukicheka isipasuke.

Mwalimu wa Ngamiani

Nimekizima, na mwanafunzi wangu leo ameandika "dhana" kwa herufi sahihi mara ya kwanza aliposikia. Q2U nitaifuata Jumamosi. Nitakwenda na kompyuta yangu pamoja na ile orodha ya maneno 20, na nimemwomba mke wangu twende pamoja, asikilize pale pale dukani kabla sijalipa.