Bodi ya pensheni iuze hisa za kampuni zilizoko Sudan? Nipeni mawazo kabla sijasaini

Mtanga_Sacramento

Habari za leo wakuu. Mi niko huku California, kazi yangu ni ya serikali ya jimbo kwa hiyo pensheni yangu iko CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California. Juzi kwenye lunch jamaa wa chama cha wafanyakazi kaleta karatasi tuweke sahihi, wanataka bodi iuze hisa za kampuni zote zenye shughuli Sudan kwa sababu ya hii vita iliyoanza Aprili 2023, jeshi na wale wanamgambo wa RSF. Wenzangu mezani wakasaini chap chap huku wanatafuna, mi nikashika peni alafu nikasema ngoja nitasaini kesho.

Siyo kwamba sina huruma, habari za El Fasher, ule mji wa Darfur, nimezifuatilia mwanzo mwisho mpaka nikawa silali vizuri. Ila najiuliza, pensheni ikiuza hizo hisa si kuna mtu atazinunua? Sasa hapo aliyeumia nani? Na mafao yangu je, maana nyumbani Bongo nimeona watu wanavyolia na kikokotoo, ile fomula ya kupiga hesabu ya mafao, sitaki na mimi niyaanze hayo uzeeni. Nasikia pia hii kitu ilishafanyika wakati wa vita ya Darfur, magharibi mwa Sudan. Kuna mtu anajua iliishia wapi?

Hesabu_Kali

Mkuu kwanza tulia kuhusu mafao. Kikokotoo chako hakiangalii soko la hisa. Kama umeajiriwa kuanzia Januari 2013 ni asilimia 2 kwa kila mwaka uliofanya kazi ukistaafu na miaka 62, yaani ukipiga miaka 20 unapata asilimia 40 ya wastani wa mshahara wako wa ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi. Mfuko ukipata hasara anayeziba pengo ni mwajiri, kwa maana nyingine mlipa kodi, na wewe pia mchango wako wa kila mwezi unaweza kusogezwa juu wakibadilisha makadirio. Kwa hiyo bure siyo bure, ila hakuna atakayekukata mafao kwa sababu waliuza hisa fulani.

Na gharama wakati mwingine inakuwa kubwa kweli. CalPERS walijitoa kwenye tumbaku kuanzia 2001, ilipofika 2016 bodi ikaletewa hesabu kwamba wamekosa kama dola bilioni 3 ambazo wangezipata wangetulia na sigara zao. Bodi ikapiga kura, wakaendelea kuzikataa. Ila kampuni za mafuta zilizoko Sudan ni kipande kidogo sana cha mfuko mkubwa kama ule, hapo usipoteze usingizi.

Halafu mwambie huyo jamaa wa chama asome sheria kwanza. Sudan ishafanyiwa kazi California, gavana Schwarzenegger alisaini sheria 2006, CalPERS na wale wa walimu CalSTRS wote wamo. Na sheria haisemi "kampuni zote zenye shughuli Sudan". Inalenga mafuta, umeme na vifaa vya kijeshi, alafu kwanza kampuni inaandikiwa barua ijieleze, ikigoma ndo inauzwa. Anayepeleka dawa na chakula haguswi. Hiyo karatasi yenu kama imeandikwa "zote" basi inaomba kitu kibaya zaidi ya kile mlichonacho tayari.

Loki_Zamani

Nimesoma nikaona niandike maana hii stori naijua kutoka upande ule mwingine. Mimi ni wa Unity State, Sudan Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, Kiswahili nimekipatia hapo.

Kabla ya Darfur kulikuwa na vita ya kwetu Kusini na kulikuwa na kampuni ya mafuta ya Kanada inaitwa Talisman. Iliingia 1998 ikawa na asilimia 25 ya mradi wa mafuta wa Heglig na Unity, Wachina wa CNPC walikuwa na 40, Petronas ya Malaysia 30, serikali ya Khartoum 5. Bomba likajengwa mpaka Port Sudan, kilomita zaidi ya 1,500, na 1999 meli ya kwanza ikaondoka na mafuta. Watu waliokuwa wanaishi juu ya hayo mafuta walifukuzwa, na kufukuzwa kwenyewe siyo kwa barua, ni helikopta za kivita. Serikali ya Kanada ilimtuma mtu anaitwa Harker akaangalie, ripoti yake ikatoka mwanzoni mwa 2000, ndani yake mnakuta kwamba ule uwanja wa ndege wa Heglig, uwanja wa wafanyakazi wa mafuta, ulikuwa unatumiwa na ndege za jeshi.

Hapo ndo kelele zikaanza, makanisa, wanafunzi, mifuko ya pensheni huko Marekani na Kanada ikaanza kuuza au kutishia kuuza, na kesi dhidi ya Talisman ikafunguliwa New York 2001. Bei ya hisa ikawa inaburuta mkia ukilinganisha na mafuta waliyokuwa nayo. Mwisho bosi wao mwenyewe akasema wenye hisa wamechoka kufuatilia habari za Sudan kila siku. Machi 2003 wakauza ile asilimia 25 kwa ONGC, kampuni ya mafuta ya serikali ya India, kwa karibu dola milioni 750 wakaondoka. Kesi yenyewe baadaye ilitupwa.

Sasa ndugu yangu wa Sacramento swali lako ni zuri, mafuta yalisimama? Hayakusimama hata siku moja. Kisima kilekile, bomba lilelile, mwenye hisa kabadilika tu. Talisman angalau ilikuwa na mkutano wa wenye hisa Calgary ambapo sista wa kanisa anaweza kusimama akauliza "mmefanya nini Heglig?" na bosi akatoka jasho. Ukitaka kuuliza swali hilo kwa kampuni ya serikali, utauliza wapi?

Kinoo_Stage

@Loki_Zamani pole sana na asante, ila sikubaliani na mwisho wako. Wewe unapima kama mafuta yalisimama. Khartoum wao walipima kitu kingine, waliona hata kampuni kubwa ya Magharibi yenye pesa na mawakili haiwezi kukaa. Makubaliano ya Machakos ya amani ya Sudan yalisainiwa Julai 2002, Talisman walitangaza kuuza Oktoba mwaka huohuo, na Januari 2005 Garang wa waasi wa Kusini na Taha wa serikali ya Khartoum wakasaini pale Nairobi mafuta ya Kusini yagawanywe nusu kwa nusu. Sisemi pensheni ndo ilileta amani, hiyo kazi ilikuwa ya msuluhishi wetu Jenerali Sumbeiywo na watu wengi, na Marekani walisukuma sana. Nasema tu ile presha ilikuwa moja ya vitu vilivyokuwa mezani.

Loki_Zamani

Hiyo naikubali nusu. Na mafuta pia tuligawana nusu haha

Kadutu_Moto

Salamu kwenu toka Bukavu. Mimi naona munaongea juu ya bei ya hisa, mimi nitasema juu ya watu. Siye tulipitia mambo yenye kufanana. 2010 Amerika walitoa ile sheria ya Dodd-Frank, kampuni zitangaze kama madini yao yanatoka Congo ao nchi jirani. Nia nzuri kabisa. Mwezi wa tisa mwaka ule rais wetu Kabila naye akafunga machimbo yote ya mkono Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Wanunuzi wakubwa wakasema basi, Congo ni shida, tunaacha yote. Ile "tunaacha yote" ndiyo ilituua. Mutu anachimba madini ya coltan kilima chenye hakina hata askari mumoja, na yeye akakosa mununuzi, mutoto akatoka masomoni. Wenye silaha walifanya nini? Wengine waliingia kwenye zahabu, maana zahabu unaweza kuficha mufukoni.

Sikatai kuuza hisa. Lakini uliza hiyo karatasi: kampuni gani, inafanya nini, na nani atakosa kazi kesho asubuhi.

Hesabu_Kali

Hapo kwa dhahabu umegusa penyewe na ndo ninachotaka Mtanga akielewe. Vita ya Sudan ya sasa siyo ya 2003. Dhahabu ndo pesa yao kubwa, pande zote mbili, na nyingi inaishia Dubai kupitia kwa wafanyabiashara na kampuni za familia ambazo hazipo kwenye soko lolote la hisa. Sasa CalPERS itauza nini? Hemedti, mkuu wa RSF, hana hisa New York. Karatasi ya chama kwa vyovyote imebeba orodha ileile ya mafuta ya enzi za Darfur, mtu kai-copy kaibadilisha tarehe.

Hata enzi hizo ilikuwa ngumu. Chuo cha Harvard waliuza hisa zao za PetroChina, kampuni ya mafuta ya China, 2005, PetroChina wakasema sisi hatuko Sudan, aliyeko ni mzazi wetu CNPC. Warren Buffett naye, yule tajiri mwekezaji, alikuwa na hisa za PetroChina hiyohiyo, akabanwa kwenye mkutano wa kampuni yake Mei 2007, akasema hivyohivyo, mtoto hawezi kumwamrisha mzazi, wenye hisa wakaikataa hoja ya kuuza kwa kura nyingi. Miezi michache baadaye akauza zote, akasema ni kwa sababu ya bei tu. Aliingiza dola milioni 488 akatoka na bilioni 4. Sijui mnaita nini hiyo mimi naita biashara.

Mtanga_Sacramento

Nawashukuru sana wakuu. Kwa hiyo mnaniambia nisisaini?

Kinoo_Stage

Hapana, saini kama imeandikwa vizuri. Cha muhimu ni muda na shabaha. Angalia Norway, ule mfuko wao wa taifa wa pesa za mafuta ni mkubwa kuliko mifuko yote ya taifa duniani na una baraza la maadili tangu 2004 linalochambua kampuni moja moja, Mei 2024 walitoa Adani Ports kwa ajili ya Myanmar, wakaeleza na sababu. Lakini haohao Februari 2022 Putin alipoingia Ukraine wakatangaza wanatoka Urusi yote, hisa za kama kroner bilioni 25, na Moscow ikafunga soko kwa wageni. Hawakuuza, zimekwama huko mpaka zimebaki karatasi. Crimea ilichukuliwa 2014 jamani, walikuwa na miaka minane.

Na sisi tusijifanye tuko nje ya hii maneno. NSSF, mfuko wetu wa pensheni Kenya, ina hisa za benki za KCB na Equity. KCB iko Juba tangu 2006, ilikuwepo vita ilipolipuka Desemba 2013 na ikabaki. Equity iko Congo, na KCB pia kupitia benki yake ya TMB. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 benki zikafungwa, watu wakakaa na pesa wanaziona kwenye simu hawawezi kuzitoa. Sasa tuiambie NSSF iuze KCB kwa sababu iko nchi ya vita?

Kadutu_Moto

Aka! Benki ikitoka tutatumikisha nini, tutaficha feza chini ya kitanda? Hapana, muache Equity kwanza.

Loki_Zamani

Juba pia muache. Ila mtu aulize wanamfungulia nani akaunti. Hao majenerali mishahara yao siyo ya kununua nyumba Nairobi na Kampala, na nyumba tunaziona.

Mtanga_Sacramento

Basi nimeenda leo nikaisoma karatasi yote mpaka nyuma. Hesabu_Kali ulikuwa sahihi, imeandikwa "kampuni yoyote yenye shughuli", na hakuna neno dhahabu popote. Nimemwambia jamaa, kanikasirikia kidogo alafu akasema basi andika wewe. Sasa nimepewa kazi wakuu. Mikutano ya bodi iko wazi hapahapa Sacramento na mwanachama yeyote anaweza kuongea. Nikisimama niombe nini hasa?

Hesabu_Kali

Omba vitu vya kujibika. Waambie walete orodha ya kampuni walizoziandikia barua chini ya sheria ya 2006 na majibu waliyopata. Alafu uliza wanamiliki hisa au bondi za benki na wasafishaji dhahabu gani wanaonunua kutoka Dubai, na kama wameshawauliza dhahabu ya Sudan wanaitambuaje. Hapo CalPERS ana nguvu kwa sababu bado ni mwenye hisa, akishauza barua yake haijibiwi na mtu. Wakigoma kujibu ndo uje na karatasi ya kuuza, na iwe na majina.

Na ongea taratibu, muda wa kuongea ni dakika chache tu, saa yao ikilia wanakata maiki.

Loki_Zamani

Ukipata hiyo orodha iweke hapa. Kuna majina nataka kuyatafuta mwenyewe.