Zabbix, LibreNMS au PRTG: upi unafaa kufuatilia mtandao wa ofisi?

Mtandao_Posta: Habari za asubuhi, ndugu wanajukwaa. Ofisi yetu ipo Posta, ina matawi Ubungo na Temeke, na mkuu wa idara anataka kufikia Ijumaa nipendekeze mfumo mmoja wa kufuatilia vifaa kwa SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao). Nichukue upi kati ya hiyo mitatu?

Swichi24: Ndugu, hujataja idadi ya vifaa, aina yake, wala kama seva yenu ni ya Linux au Windows. PRTG huendeshwa kwenye Windows, na toleo lake la bure linaishia vitambuzi 100, yaani vipimo 100. Ukifuatilia kila poti, swichi mbili za poti 48 zinakaribia kuvimaliza.

BiMitambo: LibreNMS, bila kusita. Haina leseni ya kulipia, na ukiipa anwani na neno la siri, inatambua yenyewe poti, joto na feni.

Mzee_wa_Kebo: Kabla ya jina la programu, ulizeni inasoma nini. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi, mkandarasi alitufungia mfumo uliosoma vihesabio vya biti 32, vinavyohesabu data inayopita kwenye poti, kila baada ya dakika tano. Kihesabio cha namna hiyo, kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa, hufika ukomo na kuanza upya kwa takriban sekunde 34, hivyo grafu zilionyesha laini imelala huku wafanyakazi wakilalamika kuwa intaneti haifunguki. Tukabishana na mtoa huduma wiki nzima, ilhali dawa ilikuwa kusoma ifHCInOctets, kihesabio cha biti 64, ambacho toleo la 1 la SNMP haliwezi kukisoma.

Swichi24: Basi atumie toleo la 3. Katika toleo la 2c neno la siri hupita mtandaoni likiwa wazi, na vifaa vingi bado vina “public” ileile ya kiwandani.

Mzee_wa_Kebo: Kwenye VLAN ya usimamizi iliyofungwa (sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa kusimamia vifaa tu), 2c inatosha. Hilo la 3 litamchosha bure.

BiMitambo: Haitoshi, mzee wangu. VLAN hufunguliwa na fundi mmoja mwenye haraka.

Mtandao_Posta: Samahani kwa kuchelewa. Tuna ruta tatu za MikroTik, swichi kumi na moja za Cisco, UPS (betri ya akiba ya umeme) na printa kadhaa. Seva ni Linux.

Swichi24: PRTG iondoe kwenye orodha. Hizo printa zinakubali toleo la 3?

Mzee_wa_Kebo: Na UPS je? Trapu yake, yaani taarifa inayotuma yenyewe kukiwa na hitilafu, hutumwa kwa UDP 162 bila kusubiri jibu. Swichi ya njiani ikizimika kwanza, hutaipata.